Kusafiri Karibu na Kasi ya Nuru: Mwongozo Kamili wa Kupiga Hesabu ya Muda na Nishati

Jioni za Mei na Juni, ukisimama mahali penye giza Afrika Mashariki ukatazama kusini, utaona nyota mbili angavu karibu na Msalaba wa Kusini. Ile ing'aayo zaidi, iliyo mbali kidogo na msalaba, ni Alpha Centauri, ambayo kwa Kiswahili huitwa Rijili Kantori. Jirani yake ni Proxima Centauri, hafifu mno kwa macho matupu, lakini ndiyo nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya Jua. Iko umbali wa miaka ya nuru 4.24, yaani takriban kilomita trilioni 40. Mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru huukata kwa mwaka mmoja.

Watu huuliza: nikienda huko kwa mwendo unaokaribia wa nuru, nitazeeka kiasi gani? Ni wachache wanaouliza nauli. Hapa tutayapigia hesabu yote mawili kwa pamoja, kwa sababu namba ileile inayokupunguzia miaka ndiyo inayopandisha nauli. Ukiielewa namba hiyo moja, umeielewa safari nzima.

Tafuta karatasi, na kikokotoo cha simu chenye alama ya kipeuo cha pili. Hisabati ya sekondari ya mwanzo inatosha.

Hatua ya 1: Geuza kasi iwe sehemu ya kasi ya nuru

Nuru katika ombwe husafiri mita 299,792,458 kwa sekunde. Namba hiyo ni kamili, haina makadirio, kwa kuwa tangu 1983 mita yenyewe hufafanuliwa kwa kasi ya nuru. Kwa hesabu zetu kilomita 300,000 kwa sekunde zinatosha.

Chukua kasi ya chombo, igawanye kwa kasi ya nuru. Jibu liite b. Chombo cha anga Voyager 1, kilichorushwa 1977, kinakwenda kilomita 17 hivi kwa sekunde, kwa hiyo b yake ni 0.000057. Kwa mwendo huo umbali wa hadi Proxima ungechukua miaka 75,000. Parker Solar Probe kilifikia kilomita 192 kwa sekunde Desemba 2024 kilipolipitia Jua kwa karibu, na hata hapo b yake ilikuwa 0.00064 tu. Vyombo vyetu vyote bado vinatambaa.

Sisi tutachagua b = 0.8. Nimeichagua kwa sababu namba zake zinatoka safi, na utaweza kuzikagua mwenyewe.

Pima umbali kwa miaka ya nuru na muda kwa miaka. Ukifanya hivyo, kasi ya nuru inakuwa 1, na sifuri zote zinazochosha zinatoweka.

Hatua ya 2: Tafuta gama

Hii ndiyo namba niliyoitaja mwanzoni. Wanafizikia huiandika kwa herufi ya Kigiriki, gama, na huitwa pia kizidishi cha Lorentz. Ipate hivi: zidisha b kwa b, jibu litoe kwenye 1, tafuta kipeuo cha pili cha kilichobaki, kisha gawanya 1 kwa kipeuo hicho.

Kwa 0.8: mraba wake ni 0.64. Moja toa 0.64 ni 0.36. Kipeuo cha pili ni 0.6. Moja gawanya kwa 0.6 ni 1.667. Hiyo ndiyo gama yetu.

Rudia kwa kasi nyingine, uone namba inavyokaa kimya kisha inavyoruka:

b = 0.1, gama 1.005
b = 0.5, gama 1.155
b = 0.8, gama 1.667
b = 0.9, gama 2.294
b = 0.99, gama 7.089
b = 0.999, gama 22.37
b = 0.9999, gama 70.71

Kwa nusu ya kasi ya nuru gama haijaizidi 1 hata kwa asilimia 16. Faida yote imejificha kwenye ncha ya mwisho, na huko ndiko nauli inakoumiza.

Kikokotoo cha simu kina udhaifu katika ncha zote mbili. Ukiingiza kasi ndogo kama ya ndege, kitakujibu 1 tupu kwa sababu tarakimu zake zimekwisha. Hapo tumia njia ya mkato: kile gama inachozidi 1 ni nusu ya mraba wa b. Ndege ya mita 250 kwa sekunde inapata takriban sehemu 3.5 kwa trilioni 10, na kwa safari ya saa 8 kasi hiyo inakuokolea nanosekunde 10, yaani sehemu 10 za bilioni za sekunde. Kwa kasi kubwa mno fanya kinyume: tafuta b imepungukiwa na kiasi gani kufika 1, zidisha upungufu huo kwa 2, tafuta kipeuo cha pili, kisha gawanya 1 kwa jibu.

Hatua ya 3: Soma saa mbili

Watanzania wengi wanajua kwamba kwa Wasukuma pacha anayetangulia kuzaliwa huitwa Kulwa, na anayefuata huitwa Doto. Mfanye Kulwa awe msafiri, Doto abaki nyumbani. Wote wana miaka 30.

Muda wa Doto ni umbali gawanya kwa b: 4.24 gawanya kwa 0.8 ni miaka 5.3. Muda wa Kulwa ni huo muda wa Doto gawanya kwa gama: 5.3 gawanya kwa 1.667 ni miaka 3.18. Akigeuza na kurudi kwa mwendo uleule, Doto amehesabu miaka 10.6 na Kulwa 6.36. Doto ana miaka 40 na miezi 7. Kulwa ana miaka 36 na miezi 4. Aliyetangulia kuzaliwa amekuwa mdogo.

Kuna jambo linalowasumbua wengi hapa. Ndani ya chombo Kulwa haoni chochote kikizubaa. Moyo wake unapiga kama kawaida, chai inapoa kama kawaida, ndevu zinaota kama kawaida. Sasa yeye anaielezaje miaka 3.18, ikiwa hata nuru inahitaji miaka 4.24? Anaieleza kwa umbali. Kwake nafasi kati ya Jua na Proxima imefupika kwa gama ileile: 4.24 gawanya kwa 1.667 ni miaka ya nuru 2.54. Gawanya kwa 0.8, unapata 3.18. Doto anasema saa ya Kulwa ilikwenda taratibu, Kulwa anasema njia ilikuwa fupi, na wote wawili wanafika kwenye jibu moja. Kila unapomaliza Hatua ya 3, fanya ukaguzi huu. Majibu yasipolingana, umekosea mahali.

Anayedhani haya ni maneno ya karatasini tu, atazame juu. Miale ya anga za mbali inapogonga hewa, kilomita 15 hivi juu yetu, huzaa chembe ziitwazo muoni. Muoni iliyotulia huishi wastani wa mikrosekunde 2.2 (sehemu za milioni za sekunde), muda ambao hata nuru haivuki mita 660. Kwa hesabu ya kawaida karibu zote zingekufa angani. Lakini kwa b ya 0.998 gama ni 15.8, na mita 660 zinakuwa zaidi ya kilomita 10. Ndiyo maana zinafika chini, na zinapita mwilini mwako unaposoma mstari huu. Bruno Rossi na David Hall walilipima jambo hili katika milima ya Colorado, Marekani, na kulitangaza 1941. Baadaye, maabara ya CERN ilizizungusha muoni kwenye duara la sumaku kwa gama ya 29.3. Zikaishi mikrosekunde 64, sawasawa na kanuni.

Mwaka 1971 Joseph Hafele na Richard Keating walipanda ndege za abiria wakiwa na saa za atomi, wakaizunguka dunia. Saa zilizokwenda mashariki zilirudi zikiwa nyuma kwa nanosekunde 59, na zilizokwenda magharibi zikiwa mbele kwa 273. Tofauti hiyo ilitokana na kasi, mzunguko wa dunia na mvutano wake kwa pamoja. Satelaiti za GPS nazo, kwa sababu ya kasi yake, huchelewa mikrosekunde 7 kwa siku, na kwa sababu ziko juu ambako mvutano ni dhaifu huwahi mikrosekunde 45. Zinabaki 38 za kusahihishwa. Nuru hukata zaidi ya kilomita 11 katika muda huo, kwa hiyo bila marekebisho ramani ya simu isingekuwa na maana.

Hatua ya 4: Kagua kwa salamu za kila mwaka

Msomaji makini atapinga: kwa macho ya Kulwa, ni Doto aliyekuwa akienda mbio. Kwa nini asiwe Doto aliyebaki kijana? Pingamizi hili ni la haki, na linastahili kujibiwa kwa hesabu.

Tuseme kila mmoja anamtumia mwenzake salamu ya redio kila mwaka mmoja wa saa yake mwenyewe. Chombo kinapokwenda mbali, salamu zinapokelewa kwa nafasi iliyonyooshwa. Kiasi cha kunyooka ni kipeuo cha pili cha (1 + b) gawanya kwa (1 − b). Kwa 0.8 ni 1.8 gawanya kwa 0.2, yaani 9, na kipeuo chake ni 3. Wakiachana, kila mmoja anapokea salamu moja kila miaka 3. Wakikaribiana, anapokea 3 kila mwaka. Ishike hiyo 3, tutakutana nayo tena kwenye mafuta.

Kulwa anasafiri miaka 3.18 akipokea moja kila miaka 3: jumla 1.06. Anageuza, na papo hapo salamu zinaanza kumiminika. Kwa miaka mingine 3.18 anapokea 3 kwa mwaka: jumla 9.54. Jumlisha, unapata 10.6, umri wote aliouongeza Doto.

Sasa Doto. Kulwa amegeuza mwaka wa 5.3, lakini habari ya kugeuza inahitaji miaka 4.24 kufika nyumbani. Kwa hiyo kwa miaka 9.54 Doto anaendelea kupokea salamu za kuachana, moja kila miaka 3: jumla 3.18. Zimebaki miaka 1.06 tu kabla ya Kulwa kutua, na humo anapokea 3 kwa mwaka: 3.18 nyingine. Jumla 6.36, umri alioongeza Kulwa.

Hapo ndipo ulinganifu ulipovunjika. Kulwa aliigeuza safari yake mwenyewe, akaona mabadiliko katikati ya muda wake. Doto hakugeuza kitu. Aliyaona mabadiliko yakiwa yamechelewa, karibu na mwisho. Sijaona maelezo mengine ya mapacha hawa yanayotulia moyoni kama haya ya kuhesabu salamu.

Hatua ya 5: Andika nauli

Nishati ya mwendo ni gama toa 1, zidisha kwa tungamo la chombo, zidisha kwa mraba wa kasi ya nuru. Kwa kilo 1, hizo sehemu mbili za mwisho ni jouli 9 × 10^16. Ni nishati aliyoitambua Albert Einstein mwaka 1905, akiwa mfanyakazi wa ofisi ya hataza mjini Bern, kwamba imelala ndani ya kila kilo ya kitu chochote.

Tuilete nyumbani. Jouli hizo ni sawa na uniti bilioni 25 za umeme. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, likizalisha megawati zake zote 2,115 usiku na mchana bila kupumzika, lingehitaji takriban mwaka mmoja na miezi minne kuzitoa.

Chombo cha Kulwa tukipe tani 100, chini ya robo ya Kituo cha Kimataifa cha Anga. Gama toa 1 ni 0.667. Zidisha kwa kilo 100,000, kisha kwa 9 × 10^16. Jibu ni jouli 6 × 10^21, takriban mara 10 ya nishati yote inayotumiwa na binadamu wote duniani kwa mwaka. Kwa bwawa letu ni kazi ya karibu miaka 90,000. Na hiyo ni kuondoka tu. Kusimama Proxima, kuondoka tena na kusimama nyumbani, kila kimoja kinadai cha kwake.

Angalia gama inavyofanya kazi pande zote mbili. Kwa b ya 0.99 Kulwa angefika kwa miezi 7 na kidogo badala ya miaka 3.18, lakini gama toa 1 inapanda kutoka 0.667 hadi 6.09. Nauli imezidi mara 9. Kwa Doto safari imefupika kutoka miaka 5.3 hadi 4.28 tu.

Ugumu wa ncha ile unaonekana wazi zaidi kwenye LHC, mashine ya CERN ya kukimbiza chembe, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Protoni huingia humo zikiwa na nishati ya gigaelektroni-volti 450 (kipimo cha nishati ya chembe), na tayari zimepungukiwa na kasi ya nuru kwa mita 650 hivi kwa sekunde. Mashine huziongezea nishati mara 15, hadi 6,800. Zinapomaliza, zinapitwa na nuru kwa mita 3 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Nishati mara 15 imenunua mita 650 kwa sekunde, na mita 3 zilizobaki hakuna nishati itakayozimaliza.

Hatua ya 6: Hesabu mafuta

Nishati ya Hatua ya 5 ni ile inayoingia kwenye chombo chenyewe. Roketi ina mzigo mwingine: inabeba mafuta ya kubebea mafuta.

Chukua roketi bora kuliko zote zinazoruhusiwa na fizikia, inayochanganya mata na antimata, yaani kinyume cha mata, ambavyo vikikutana hugeuka nishati, na kutupa nuru tupu nyuma. Uwiano wa tungamo la kuanzia na la kumalizia ni ile namba ya salamu: 3. Kufikia 0.8 unaondoka na tani 300 ili ubaki na 100. Ukitaka kusimama ufikapo, zidisha 3 kwa 3: tani 900. Kwenda, kusimama, kurudi na kusimama ni 3 mara nne, yaani 81. Tani 8,100, ambazo 8,000 ni mafuta na nusu yake, tani 4,000, ni antimata. Antimata yote ambayo binadamu amewahi kuitengeneza haifikii miligramu moja.

Kwa roketi za leo, zinazotupa moshi kwa kilomita 4.5 kwa sekunde, uwiano wa kufikia 0.8 ni namba yenye tarakimu zaidi ya 31,000. Protoni zote za ulimwengu unaoonekana huandikwa kwa tarakimu 81 hivi. Njia hiyo imefungwa kabisa.

Hatua ya 7: Ongeza kasi kama mwili unavyoweza

Hadi hapa tumejifanya kwamba chombo kinafikia 0.8 papo hapo, jambo ambalo lingemponda Kulwa. Mchapuko unaovumilika ni ule unaolingana na mvutano wa dunia: sakafu inakusukuma kama ardhi ya nyumbani. Unachapuka hadi nusu ya njia, unageuza chombo, unapunguza kasi nusu iliyobaki.

Kanuni yake ni fupi. Gama ya katikati ya njia ni 1 jumlisha 1.03 zidisha kwa nusu ya umbali; hiyo 1.03 ni mchapuko wa mvutano wa dunia kwa vipimo vyetu vya miaka na miaka ya nuru. Kwa Proxima: 1.03 mara 2.12 ni 2.18, kwa hiyo gama ni 3.18 na kasi ya juu ni 0.95. Saa ya Doto itaonyesha miaka 5.9 na ya Kulwa miaka 3.5. Kwa mwili wa mtu, basi, safari inawezekana. Kinachoizuia ni nauli.

Hatua ya 8: Usisahau vumbi

Anga si tupu kabisa. Kwa 0.8 kila protoni iliyotulia mbele yako inakugonga kwa nishati ya megaelektroni-volti 625, kama mionzi ya mashine ya utafiti. Penye atomi moja ya hidrojeni kwa kila sentimita ya ujazo, uso wa chombo unapokea takriban kilowati 40 kwa kila mita ya mraba, mara 30 ya jua linaloipiga dunia, safari nzima. Punje ya vumbi ya miligramu moja inatua na jouli bilioni 60, sawa na tani 14 za baruti ya TNT. Mtu anayepanga safari bila ngao ya mbele hajapanga safari.

Jaribu mwenyewe: mpango wa gramu chache

Mwaka 2016 tajiri Yuri Milner na mwanafizikia Stephen Hawking walitangaza Breakthrough Starshot, wazo la kuacha mafuta nyumbani. Tanga jembamba lenye uzito wa gramu chache lingesukumwa kwa leza zilizo ardhini, za jumla ya gigawati 100, kwa dakika chache, hadi b ya 0.2. Piga hesabu kabla hujasoma mbele.

Gama ni 1.0206. Muda wa Doto ni 4.24 gawanya kwa 0.2, yaani miaka 21.2. Saa ya tanga inaonyesha 20.8, miezi 5 pungufu. Nishati kwa kila gramu ni 0.0206 zidisha kwa 0.001 zidisha kwa 9 × 10^16: jouli trilioni 1.85, au uniti 515,000. Bwawa la Julius Nyerere lingezitoa kwa dakika 15. Leza zingehitaji zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya nuru inapotea bila kusukuma.

Tanga halina breki, hivyo litaipita Proxima kwa kilomita 60,000 kwa sekunde. Picha litakazopiga zitarudi kwa redio au leza, nazo zinahitaji miaka yao 4.24. Kwa saa ya Doto, ya kwanza itafika miaka 25 na miezi 5 baada ya kurushwa.